Mike Nifong: Kura Zilimpa Ofisi, Jalada Likamwondoa

Katika majimbo 46 kati ya 50 ya Marekani, mtu anayeamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani na kwa ushahidi upi, hupata kazi hiyo kwa kupigiwa kura. Ofisi za namna hiyo ni zaidi ya 2,300, nyingi zikihudumia kaunti moja tu, na anayeitaka mojawapo hulazimika kufanya yale yanayofanywa na mgombea yeyote wa udiwani au ubunge: kuchangisha fedha, kubandika mabango, kusimama makanisani na kwenye mikutano ya wakazi, na kutoa ahadi. Utaratibu huu ulianzia katika jimbo la Mississippi mwaka 1832. Wazo lililouzaa lilikuwa jema, kwamba mwendesha mashtaka aliyeteuliwa na gavana atamtumikia gavana, ilhali aliyechaguliwa na wananchi atawatumikia wananchi.

Kesi ya Mike Nifong, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa Durham katika jimbo la North Carolina, naiona kuwa kipimo kikali cha wazo hilo. Mwaka 2006, katika kipindi kilekile alichokuwa akiuficha ushahidi ambao ungewaokoa vijana watatu wasio na hatia, Nifong alisimama mbele ya wapigakura mara mbili na mara zote mbili akashinda. Alianguka siku wakili mmoja wa utetezi alipofanikiwa kusoma karatasi ambazo hakuna mpigakura aliyewahi kuziona. Ndiyo maana ninaamini kwamba swali la nani anamchagua mwendesha mashtaka, ambalo ndilo linalojadiliwa sana, ni dogo kuliko swali la nani ana haki ya kulifungua jalada lake na nani ana uwezo wa kumwadhibu akilificha.

Kwanza mtu mwenyewe. Nifong alizaliwa mwaka 1950, akasoma Chuo Kikuu cha North Carolina, akakataa kwenda vitani Vietnam kwa sababu za dhamiri, akafanya kazi za ustawi wa jamii, kisha akarudi chuoni kusomea sheria na kuhitimu mwaka 1978. Mwaka huohuo aliingia katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Durham na hakuwahi kufanya kazi ya sheria mahali pengine. Kwa zaidi ya robo karne alikuwa msaidizi: aliendesha kesi za mauaji, ubakaji na ujambazi, akajulikana kuwa hodari mahakamani na mwepesi wa hasira nje yake. Baada ya kuugua saratani ya tezi dume mwishoni mwa miaka ya 1990, alihamia kwenye kesi za usalama barabarani, na kwa dalili zote alikuwa akielekea kustaafu kwa utulivu. Hakuwa mwanasiasa, na jina lake halikuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura.

Aprili 2005 bosi wake, Jim Hardin, aliteuliwa kuwa jaji, na Gavana Mike Easley akamteua Nifong kushika nafasi hiyo hadi uchaguzi wa mwaka uliofuata. Baadaye Easley alisema hadharani kwamba Nifong alimwahidi kutogombea. Lakini aligombea. Mpinzani wake mkuu katika kura za mchujo za chama cha Democratic alikuwa Freda Black, mwanasheria aliyejulikana mji mzima kwa kuwa mmoja wa walioendesha kesi maarufu ya mwaka 2003 ya mwandishi Michael Peterson, aliyeshtakiwa kwa kumuua mkewe, na ambaye Nifong alimwachisha kazi mara tu alipokabidhiwa ofisi. Kura zilipangwa kupigwa Mei 2, 2006. Hadi kufikia mwanzoni mwa Machi, Nifong alikuwa mgombea asiyejulikana sana, akishindana na mtu ambaye sura yake ilishaonekana kwenye televisheni kwa miezi.

Usiku wa kuamkia Machi 14, wachezaji wa timu ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Duke, mchezo wa fimbo zenye wavu unaopendwa na familia zenye uwezo, walifanya sherehe katika nyumba ya kupanga karibu na chuo. Walikuwa wamewalipa wanawake wawili kuja kucheza dansi. Sherehe iliishia kwa ugomvi na matusi ya kibaguzi, na saa chache baadaye mmoja wa wanawake hao, Mmarekani mweusi aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central, alisema kwamba amebakwa na wachezaji weupe watatu bafuni.

Asiyeijua Durham hawezi kuelewa uzito wa tuhuma hiyo. Duke ni chuo binafsi cha gharama kubwa, ambacho wanafunzi wake wengi hutoka mbali na hukaa mjini miaka minne na kuondoka. North Carolina Central, kilichopo kilomita chache tu kutoka hapo, ni chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi wakati ambapo vyuo vya weupe viliwafungia milango. Karibu wakazi wanne kati ya kila kumi wa kaunti ile walikuwa weusi. Katika kusini ya Marekani, vizazi kwa vizazi vya wanawake weusi vilidhulumiwa na wanaume weupe bila mahakama kushughulika nao, na kumbukumbu hiyo haikuwa ya vitabuni, ilikuwa ya mabibi na mashangazi waliokuwa hai. Waliotaka kesi hii isikilizwe kwa dhati walikuwa na haki ya kutaka hivyo. Kwa maoni yangu, kosa kubwa kuliko yote alilolifanya Nifong ni kuichukua haki hiyo, iliyolipiwa kwa machungu ya miaka mingi, na kuitumia kama ngazi.

Machi 24 alilichukua jambo lile mikononi mwake, na wapelelezi wa polisi wakaelekezwa kupokea maagizo kutoka kwake. Siku moja kabla, ofisi yake ilikuwa imeiomba mahakama iamuru wachezaji 46 weupe watoe sampuli za vinasaba, kwa hoja kwamba vipimo vitawaondolea shaka wasio na hatia mara moja. Kuanzia Machi 27 alianza kuzungumza na vyombo vya habari, na alizungumza bila kuchoka: mahojiano kwa makumi, ya magazeti na ya televisheni za taifa, ambamo aliwaita wachezaji wahuni, akawalaumu kwa kutumia haki yao ya kukaa kimya, na akasema hana shaka kwamba ubakaji ulitokea. Wakati huo alikuwa hajamhoji mlalamikaji kuhusu usiku ule hata mara moja. Oktoba mwaka huohuo aliieleza mahakama mwenyewe kwamba alikuwa bado hajazungumza naye kuhusu undani wa tukio.

Matokeo ya maabara ya serikali ya jimbo yalikuja upesi, na hayakumwoanisha mchezaji hata mmoja na tukio lile. Ile hoja kwamba vinasaba vingewasafisha wasio na hatia ikawekwa kando kimyakimya, na badala yake Nifong akaanza kuwaeleza waandishi kwamba zamani kesi za ubakaji ziliendeshwa bila vinasaba kabisa. Alipeleka sampuli kwenye maabara binafsi yenye vifaa vyenye uwezo wa kunasa chembe ndogo zaidi. Aprili 4 polisi walimwonyesha mlalamikaji picha ili atambue wahusika, na katika picha zile hakukuwa na mtu yeyote asiyekuwa mchezaji wa timu. Anayejua gwaride la utambuzi linavyoendeshwa anajua maana yake: shahidi huchanganyiwa mtuhumiwa na watu wasiohusika kabisa, ili akikosea kosa lionekane. Kanuni za polisi wa Durham wenyewe zilitaka hivyo. Katika utaratibu uliotumika siku ile hapakuwa na jibu lisilo sahihi, kwa sababu picha yoyote ambayo angeinyooshea kidole ilikuwa ya mtu ambaye tayari anashukiwa.

Tarehe mbili za wiki iliyofuata ndizo ninazozirudia kila ninapoifikiria kesi hii. Aprili 10 Nifong na wapelelezi wawili walikutana na mkurugenzi wa ile maabara binafsi, Brian Meehan, ambaye aliwaeleza kwamba vipimo vyake vilionyesha vinasaba vya wanaume ambao si wachezaji wa Duke. Aprili 11, yaani kesho yake, Nifong alisimama katika mkutano wa hadhara kwenye Chuo Kikuu cha North Carolina Central na kuwaambia wanafunzi na wazazi waliojaa ukumbini kwamba kesi hii haitaondoka. Walimpigia makofi. Kati ya wote waliokuwa ukumbini, yeye ndiye aliyekuwa na jambo walilohitaji kulijua, na hakulisema.

Aprili 17 wachezaji wawili walishtakiwa. Wakili wa mmoja wao alikuwa na risiti, rekodi za simu, dereva wa teksi na picha ya kamera ya benki iliyomwonyesha mteja wake akitoa fedha kwenye mashine usiku uleule, mbali na nyumba ile. Aliomba kumwonyesha Nifong ushahidi huo, lakini Nifong alikataa kuuona. Mashtaka yalipitishwa na jopo kuu la raia, chombo ambacho watu wengi nje ya Marekani hudhani ni kinga. Katika North Carolina jopo hilo husikiliza upande wa mashtaka peke yake, mshtakiwa na wakili wake hawaruhusiwi kuingia, na maneno yanayosemwa humo hayarekodiwi. Mei 2 Nifong alishinda kura za mchujo kwa tofauti ya kura 883 dhidi ya Freda Black. Mei 12 maabara ile iliwasilisha ripoti isiyoyataja yale yaliyogunduliwa kuhusu wanaume wengine, na Mei 15 mchezaji wa tatu akashtakiwa.

Je, alifanya haya yote kwa ajili ya kura? Hakuna awezaye kuingia moyoni mwa mtu, na Nifong mwenyewe alikana. Lakini Lane Williamson, aliyeongoza jopo la nidhamu lililomsikiliza mwaka uliofuata, alisema kwamba mzizi wa jambo lile ulikuwa kujidanganya kulikotokana na maslahi binafsi, katikati ya kampeni yenye joto. Naona tafsiri hiyo ndiyo ya haki. Sidhani kama Nifong aliamka asubuhi moja na kuamua kuwafunga watu anaojua hawana hatia. Alitaka kuamini, na kila alipohutubia ilizidi kuwa vigumu kwake kutoamini, kwa kuwa kila neno alilolitoa hadharani liligeuka kuwa deni ambalo ushahidi ulitakiwa kulilipa. Mwendesha mashtaka asiye na kampeni anaweza kulifunga jalada na kulisahau. Aliyeshaahidi mbele ya ukumbi uliojaa, kulifunga kwake ni kukiri mbele ya ukumbi uleule.

Ilipofika Novemba mashaka yalikuwa yameenea. Wakazi waliokuwa na wasiwasi walikusanya saini hadi jina la Lewis Cheek, mjumbe wa bodi ya kaunti, likaingizwa kwenye karatasi ya kura, ingawa Cheek alitangaza wazi kwamba hata akishinda hatashika ofisi, na kwamba lengo ni kumpa gavana nafasi ya kuteua mtu mwingine. Nifong alipata asilimia 49 dhidi ya 39 za Cheek, na mgombea wa tatu aliyetaka wapigakura waandike jina lake kwa mkono alichukua karibu zote zilizobaki. Ni rahisi kuwalaumu wapigakura wale, na wapo wachambuzi walioandika kwamba watu weusi wa Durham walichagua rangi badala ya ukweli. Maneno hayo si ya haki hata kidogo. Mpigakura wa Novemba 2006 alikuwa na hotuba za Nifong, makala za magazeti na malalamiko ya mawakili wanaolipwa na washtakiwa. Kitu kimoja ambacho kingemwezesha kuamua sawasawa kilikuwa kimefichwa na mtu yuleyule aliyekuwa akimwomba kura. Uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kuitwa uwajibikaji, kwa sababu anayewajibishwa ndiye anayechagua kipi kionekane.

Kilichomwangusha ni sheria ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Duke. Mwaka 1998 Alan Gell alihukumiwa kifo katika North Carolina, na baadaye ikabainika kwamba waendesha mashtaka walikuwa na kauli za mashahidi kadhaa waliosema walimwona marehemu akiwa hai siku ambazo Gell tayari alikuwa kizuizini. Kesi iliporudiwa mwaka 2004 aliachiwa huru. Chama cha Mawakili cha jimbo kiliwapa waendesha mashtaka wawili wa kesi ile karipio tu, jambo lililowakasirisha wengi, na mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha sheria inayomlazimu mwendesha mashtaka kumfungulia mshtakiwa jalada zima la kesi kabla ya kusikilizwa. Katika majimbo mengi wakati ule, upande wa utetezi ulipata kile tu ambacho upande wa mashtaka uliona kinafaa kutolewa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua tangu 1963, katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, kwamba ushahidi unaomsaidia mshtakiwa lazima utolewe, lakini anayeamua kama ushahidi unamsaidia ni yuleyule anayetaka afungwe.

Kwa nguvu ya sheria ile mpya, mawakili wa utetezi walidai takwimu zote za maabara ya Meehan. Septemba 22 Nifong alimhakikishia Jaji Osmond Smith kwamba ripoti iliyokwisha kutolewa ina kila kitu. Jaji aliamuru karatasi zitolewe hata hivyo, na mwishoni mwa Oktoba zikafika, zaidi ya kurasa 1,800 za grafu na namba zisizo na maelezo. Pengine aliyezitoa aliamini hakuna atakayezisoma. Wakili kijana Brad Bannon alijifunza sayansi ya vinasaba mwenyewe, akakaa na kurasa zile usiku na mchana, na akakuta humo kile ambacho ripoti iliacha: vinasaba vya wanaume wasiopungua wanne kutoka kwenye mwili na nguo za mlalamikaji, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mchezaji wa Duke. Desemba 15 Meehan alipanda kizimbani. Alipoulizwa kama kuyaacha matokeo hayo nje ya ripoti kulikuwa makubaliano ya makusudi kati yake na Nifong, alikubali.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi ambayo siasa haikuweza kuizuia. Desemba 22, siku moja baada ya mpelelezi wa ofisi yake kumhoji mlalamikaji na kukuta maelezo yamebadilika tena, Nifong aliondoa shtaka la ubakaji lakini akabakiza mengine. Desemba 28 Chama cha Mawakili kilimfungulia mashtaka ya kimaadili, jambo la nadra sana dhidi ya mwendesha mashtaka ambaye kesi yake bado inaendelea. Januari 12 alijiondoa na kumwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper, aichukue. Wiki nne tu zilikuwa zimepita tangu Meehan atoe ushahidi. Aprili 11, 2007, mwaka mmoja kamili tangu ule mkutano wa hadhara, Cooper alifuta mashtaka yote, na hakusema tu kwamba ushahidi hautoshi kama ilivyo desturi ya ofisi za namna yake. Alitamka kwamba vijana wale hawana hatia. Desemba 2024, akiwa gerezani kwa kosa jingine la mauaji, mlalamikaji mwenyewe alikiri hadharani kwamba alitoa ushahidi wa uongo.

Juni 16, 2007, jopo la nidhamu lilimkuta Nifong na hatia ya ukiukaji wa maadili uliojumuisha ulaghai na kuidanganya mahakama, likamfutia leseni ya uwakili. Siku moja kabla, akilia kizimbani, alikuwa ametangaza kwamba atajiuzulu. Julai alikwisha kuondoka ofisini. Agosti 31 Jaji Smith alimtia hatiani kwa kuidharau mahakama, kwa ajili ya maneno aliyoyasema Septemba 22, na kumhukumu kifungo cha siku moja, ambacho alikitumikia Septemba 7. Januari 2008, akikabiliwa na kesi za madai, aliomba kutangazwa mufilisi.

Siku moja jela imechekwa na wengi kuwa adhabu ndogo. Mimi naiangalia kwa jicho la ulinganisho. Ken Anderson, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa kuchaguliwa wa kaunti ya Williamson, Texas, kisha akawa jaji, alihukumiwa siku kumi mwaka 2013 kwa kuficha ushahidi katika kesi ya Michael Morton, mtu aliyekaa gerezani karibu miaka 25 kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya. Hukumu hizo mbili ni miongoni mwa chache sana za namna yake. Tangu 1976, kwa uamuzi wa kesi ya Imbler dhidi ya Pachtman, mwendesha mashtaka wa Marekani hawezi kudaiwa fidia kwa yale aliyoyafanya mahakamani kama wakili wa serikali, hata akiwa aliyafanya kwa kukusudia. Kinga hiyo ina hoja yake, kwani mtu anayeogopa kushtakiwa na kila aliyemshtaki hawezi kufanya kazi. Lakini inaacha hasa mlango mmoja wa kuingilia, yaani chama cha mawakili, na mlango huo hufunguliwa mara chache.

Ulifunguliwa kwa Nifong kwa sababu familia za vijana wale zilikuwa na fedha. Hili lazima lisemwe wazi na kwa huzuni. Bannon hakuwa peke yake, alikuwa sehemu ya kundi la mawakili bora wa jimbo, waliolipwa kwa mwaka mzima kufanya kazi ambayo wakili wa umma mwenye mafaili mengi mezani asingepata hata wiki moja ya kuifanya. Zaidi ya asilimia 90 ya hatia za jinai Marekani hupatikana kwa mshtakiwa kukiri kwa makubaliano, kabla jalada halijasomwa na mtu yeyote mwenye nia ya kulipinga. Mshtakiwa wa kawaida wa Durham angekuwa mmoja wa hao.

Tunajua hivyo kwa sababu ya Darryl Howard. Novemba 1991 mama na binti yake wa miaka 13 waliuawa katika nyumba za umma za Few Gardens, Durham, na nyumba yao ikachomwa moto. Howard, mtu mweusi asiye na fedha, alishtakiwa, na mwaka 1995 msaidizi wa mwendesha mashtaka aliyeitwa Mike Nifong aliliomba jopo la raia wanaoamua hatia mahakamani limtie hatiani. Alihukumiwa miaka 80. Mbegu za kiume zilizopimwa kabla ya kesi hazikuwa zake, lakini jopo liliambiwa kwamba polisi hawakuwahi kuichukulia kesi hii kuwa ya ubakaji. Ndani ya jalada la waendesha mashtaka kulikuwa na waraka wa polisi uliosema kinyume: mtoa habari alidokeza siku chache baada ya mauaji kwamba wanawake wale walibakwa na kuuawa na genge kwa sababu ya deni la dawa za kulevya. Utetezi haukuupata. Hapakuwa na sheria ya jalada wazi, wala kurasa 1,800, wala mtu wa kuzisoma. Mwaka 2014 Jaji Orlando Hudson aliamuru kesi isikilizwe upya, na Agosti 31, 2016 Howard akatoka, baada ya zaidi ya miaka 20.

Yanayofanana kati ya kesi hizo mbili yananiogopesha kuliko yanayotofautiana. Mwaka 1995 Nifong hakuwa mgombea wa chochote, hakuwa na kampeni wala kamera. Alikuwa mtumishi wa kawaida wa ofisi. Kama tunasema kwamba uchaguzi ndio uliompotosha mwaka 2006, tutasema nini kuhusu 1995? Nadhani uchaguzi uliongeza joto na kasi, ukafanya kosa liwe kubwa na lionekane, lakini mazoea ya kuliona jalada kuwa mali ya anayeshtaki yalikuwapo kabla yake. Mrithi aliyechaguliwa mwaka 2008, Tracey Cline, aliyekuwa msaidizi katika ofisi hiyohiyo, naye aliondolewa kwa amri ya jaji Machi 2012, baada ya kumshambulia Jaji Hudson kwa tuhuma ambazo mahakama iliona hazina msingi. Waendesha mashtaka wawili mfululizo waliopewa ofisi ile kwa kura waliishia kutoka kwa njia isiyokuwa ya kura.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaoisoma kesi ya Durham na kusema kwamba dawa ni uteuzi. Sisi tunaishi na uteuzi. Tanzania Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais. Kenya, tangu Katiba ya 2010, huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa kwa kipindi kimoja cha miaka minane, na hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Mtu wa namna hii hana ukumbi uliojaa wa kuuogopa, lakini ana aliyemteua. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa haki ya kujua mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Ni haki kubwa. Nifong lakini hakuficha ushahidi aliokusudia kuutegemea, alificha ule aliokusudia usionekane, na waraka wa Few Gardens ulikuwa wa aina hiyohiyo.

North Carolina ilijifunza mambo fulani. Sheria iliyoanza kutumika Machi 2008 inataka kila utambuzi wa picha uwe na angalau watu watano wasiohusika, na karatasi za maabara hazibaki tena mikononi mwa upande mmoja. Mabadiliko hayo yanamlinda mtu ambaye hakuna anayejua jina lake, na hivyo yana thamani kuliko siku moja aliyoikaa Nifong jela. Lakini Howard alipodai fidia, jopo la raia lilimkuta mpelelezi wa polisi na hatia Desemba 2021 na kukadiria dola milioni 6. Wakili aliyesimama mbele ya jopo la mwaka 1995 akiomba Howard atiwe hatiani hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa, kwa kuwa uamuzi wa 1976 bado unasimama.